Ardhi Mpya, Minyororo Ileile

 

Mwezi Septemba mwaka 1834, msafiri mmoja Mwingereza, mtaalamu wa miamba George Featherstonhaugh, alikuwa akipita katika milima ya Virginia huko Marekani. Alfajiri alifika kwenye mto uitwao New River, akakuta umati wa watu wapatao 300 wakijiandaa kuvuka. Watu hao walikuwa watumwa. Wanaume walikuwa wamefungwa wawili wawili kwa pingu na minyororo. Wanawake na watoto hawakufungwa. Baadhi yao walikuwa bado wanaota moto baada ya kulala nje usiku kucha. Mwenye msafara alikuwa John Armfield, wa kampuni ya Franklin na Armfield. Kampuni hiyo ilikuwa na nyumba yake ya biashara mjini Alexandria, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya wilaya ya mji mkuu wa taifa. Bidhaa yake ilikuwa watu. Iliwanunua kwa bei ya chini Virginia na Maryland, ikawapeleka kuuzwa kwa bei ya juu Natchez na New Orleans. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, na wengi walitembea kwa miguu.

Leo tuzungumze juu ya safari hiyo. Ikitajwa Marekani kupanuka kuelekea magharibi, wengi wetu tunawaona walowezi na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, mbuga pana, na dhahabu ya California. Watu hao walikuwepo. Lakini kati ya mwaka 1790 na 1860, watu weusi wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya zamani ya pwani ya mashariki hadi mashamba mapya ya kusini-magharibi. Wengine walifuatana na mabwana wao waliohama, wengine waliuzwa kwa madalali. Hakuna aliyeulizwa kama anataka kwenda.

Nina hoja moja jioni ya leo. Utumwa wa Marekani ulipata uhai mpya kwa sababu ulipewa ardhi mpya. Na kila mara viongozi walipokaa kupatana juu ya ardhi hiyo, gharama ya mapatano ilibebwa na watu ambao hawakukaribishwa kikaoni.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1787, wakati katiba ya Marekani ilipoandikwa. Katika majimbo ya kaskazini utumwa ulikuwa umeanza kukomeshwa, jimbo moja baada ya jingine. Kule Virginia na Maryland, tumbaku ilikuwa imechosha udongo, na baadhi ya wenye mashamba walikuwa na watumwa wengi kuliko kazi. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kupiga marufuku utumwa katika ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Ohio. Wako waliojipa moyo kwamba utumwa utakwisha wenyewe taratibu, na kwa hiyo haukuwa na haja ya kusumbuliwa. Katiba yenyewe ililikwepa hata jina lake. Lakini iliwaongezea nguvu wenye watumwa: katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Hawakuwa na kura, hawakuwa na msemaji, ila idadi yao ilimwongezea viti bungeni yule aliyewamiliki.

Kisha yakatokea mambo mawili. Mwaka 1793 Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua pamba. Pamba ya nyuzi fupi, ambayo inaota vizuri bara, mbegu zake zimeng'ang'ania nyuzi. Kuzitoa kwa vidole ilikuwa kazi ya siku nzima kwa pamba kidogo tu. Mashine ikaimaliza kazi hiyo kwa dakika chache, na viwanda vya nguo vya Uingereza vilikuwa vinataka pamba yote itakayopatikana. Sasa kilichohitajika ni ardhi na mikono.

Ardhi ikaja mwaka 1803, na ilikotokea panatia uchungu. Watumwa wa Haiti, koloni tajiri kuliko yote ya Ufaransa, walikuwa wameinuka na kuvunja minyororo yao. Napoleon alipeleka jeshi kubwa kuwarudisha utumwani. Jeshi hilo likaangamizwa na vita na homa ya manjano. Bila Haiti, Napoleon hakuona tena faida ya kubaki na Louisiana, akaiuzia Marekani kwa dola milioni 15. Taifa likaongezeka karibu mara mbili kwa ukubwa. Damu iliyomwagwa na watu weusi kujikomboa kisiwani ikafungua bonde la Mississippi, na bonde hilo likawa mahali pa kuwatumikisha ndugu zao bara.

Mwaka 1808 Marekani ikapiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo. Sheria hiyo ilikuwa njema, lakini biashara ya ndani haikuigusa, na hapo ndipo wenye mashamba ya Virginia walipopata chumo jipya. Udongo uliochoka haukuwalipa tena kama zamani, lakini watoto waliozaliwa katika vibanda vya watumwa walikuwa na bei. Mama aliweza kuuzwa Jumatatu, na watoto wakabaki. Mume aliyetumwa mjini na bwana wake aliweza asirudi. Kuuzwa kusini kulikuwa tishio linaloishi katika kila nyumba ya mtumwa, na bwana alilitumia tishio hilo kila alipotaka kunyamazisha mtu.

Lakini ardhi hiyo, ndugu msikilizaji, ilikuwa na wenyewe. Georgia, Alabama na Mississippi zilikuwa nchi za Wacherokee, Wacreek, Wachoctaw na Wachickasaw. Walilima na kuwinda, walikuwa na vijiji na mabaraza yao. Wacherokee walikuwa na katiba iliyoandikwa na gazeti katika lugha yao wenyewe. Haya yote hayakuwaokoa. Mwaka 1830 Rais Andrew Jackson, ambaye mwenyewe alikuwa na shamba la watumwa kule Tennessee, alitia saini sheria ya kuwahamisha ng'ambo ya mto Mississippi. Wacherokee walikwenda mahakamani, na mwaka 1832 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba Georgia haikuwa na mamlaka juu ya nchi yao. Hata hivyo, mwaka 1838 askari waliwatoa majumbani mwao. Kati ya watu wapatao 16,000 waliosukumwa magharibi, inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Tuseme ukweli wote: matajiri wachache miongoni mwa Wacherokee walikuwa na watumwa weusi, na watumwa hao nao walitembezwa katika safari hiyohiyo. Wenyeji wakatolewa upande mmoja, misafara ya minyororo ikaingizwa upande mwingine.

Maisha ya mashamba hayo yalikuwaje? Tunaye shahidi. Solomon Northup alikuwa mtu huru wa jimbo la New York, fundi wa kupiga fidla, mwenye mke na watoto. Mwaka 1841 alilaghaiwa hadi Washington kwa ahadi ya kazi, akatekwa, akasafirishwa kwa meli hadi New Orleans, akauzwa. Alikaa utumwani Louisiana miaka 12 kabla ya kupata njia ya kuwafikia watu wa kwao, na mwaka 1853 aliandika kitabu juu ya yale aliyoyaona.

Anaeleza kwamba msimu wa kuchuma pamba watu walikuwa shambani mara tu kunapopambazuka. Mchana walipewa dakika chache za kumeza chakula kilichopoa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, walichuma hadi usiku wa manane. Baada ya hapo kila mtu alibeba kapu lake hadi kwenye nyumba ya kuchambulia pamba, likapimwa. Kipimo cha kawaida cha siku kilikuwa ratili 200, karibu kilo 90. Fikiri wepesi wa pamba, halafu ufikiri kilo 90 za pamba. Hapo, anasema, hakuna aliyekaribia mizani bila hofu, hata awe amechoka namna gani. Kapu likipungua, mjeledi. Likizidi, bwana anaandika uzito huo, na kesho anautaka uleule. Kwa hiyo mwenye bidii alijiumiza kwa bidii yake, na mwenye mkono mzito akaumia kwa uzito wa mkono wake. Northup, ambaye vidole vyake vilijua nyuzi za fidla, hakuwahi kuwa mchumaji mzuri.

Makapu hayo ndiyo yaliyoijenga Marekani ya wakati ule. Kufikia mwaka 1860 nchi ilitoa marobota ya pamba karibu milioni 4 kwa mwaka, na pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote zilizouzwa nje. Benki za New York zilikopesha wenye mashamba huku watumwa wakiwekwa rehani. Viwanda vya Massachusetts vilisokota na kufuma pamba hiyo. Na sehemu ya nguo hizo ilifika huku kwetu. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakitia nanga Unguja kununua pembe za ndovu na sandarusi, na mwaka 1833 mtawala wa Unguja, Sayyid Said, alifunga na Marekani mkataba wa biashara. Shehena kubwa ya wafanyabiashara hao ilikuwa merikani, ile nguo nyeupe ngumu ambayo misafara iliibeba kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ikapokewa kama fedha. Katika masoko ya bara ilinunua pembe, na ilinunua watu. Pamba iliyochumwa na mtumwa wa Mississippi, ikafumwa Massachusetts, ikaja kulipia mtumwa mwingine huku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, merikani iliadimika katika maduka ya Unguja, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake.

Sasa tugeukie siasa, maana hapo ndipo tunapoona jinsi wakubwa walivyogawana ardhi.

Kila eneo jipya lilipotimiza watu wa kutosha, liliomba kuwa jimbo. Kila jimbo, dogo kwa kubwa, lilipata viti viwili katika Baraza la Seneti. Mwaka 1819 majimbo ya utumwa yalikuwa 11 na yasiyo na utumwa 11, nguvu sawa kwa sawa. Hapo Missouri ikaomba kuingia na watumwa wake. Mzozo ukawa mkali, hadi ukafikiwa Mwafaka wa Missouri mwaka 1820: Missouri iingie na utumwa, Maine iingie bila utumwa, na katika ardhi iliyobaki ya Louisiana uchorwe mstari kwenye latitudo ya digrii 36 na dakika 30. Kaskazini ya mstari, utumwa marufuku. Kusini yake, ruhusa. Waungwana walipeana mikono. Waliokuwa kusini ya mstari hawakuwa na la kusema.

Mwafaka huo ulidumu hadi ardhi ilipoongezeka tena, safari hii kutoka Mexico. Walowezi wa Marekani walikuwa wamekaribishwa Texas, wakaja na watumwa wao. Mwaka 1829 Rais wa Mexico, Vicente Guerrero, mtu mwenye asili ya Kiafrika katika damu yake, akatangaza kukomesha utumwa. Walowezi hawakukubali. Mwaka 1836 walijitenga na Mexico, na katiba ya nchi yao mpya ya Texas ikalinda utumwa waziwazi. Mwaka 1845 Texas ikaingizwa Marekani kama jimbo la utumwa. Mwaka uliofuata vikazuka vita na Mexico, na vilipokwisha mwaka 1848 Mexico ilikuwa imepoteza karibu nusu ya nchi yake, pamoja na California. Kwa miaka mingi watumwa wa Texas walitorokea kusini, wakauvuka mto Rio Grande, kwa sababu walijua ng'ambo ya pili hakuna mnada wa watu.

Ardhi yote hiyo mpya iwe ya nani? Mbunge mmoja wa Pennsylvania, David Wilmot, alipendekeza utumwa upigwe marufuku katika ardhi yoyote itakayopatikana Mexico. Baraza la Wawakilishi lilikubali, Seneti ikakataa. Ndipo mwaka 1850 ukaja mwafaka mwingine. California, iliyokuwa imefurika watafuta dhahabu, iliingia bila utumwa. Kwa malipo ya hilo, kusini ikapewa sheria kali ya kukamata watumwa watoro popote nchini. Nawaomba muisikilize sheria hiyo kwa makini. Mtu aliyekamatwa hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe, wala hakupata baraza la wazee wa mahakama. Kesi yake ilisikilizwa na ofisa maalumu. Ofisa akiamua kwamba mtu huyo arudishwe utumwani, alilipwa dola 10. Akiamua aachiwe huru, alilipwa dola 5. Walioitunga walisema tofauti hiyo ni kwa sababu ya wingi wa makaratasi ya kujaza. Watu weusi wa Boston na Philadelphia waliielewa bila kufafanuliwa, na maelfu wakakimbilia Kanada.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 1854 Seneta Stephen Douglas wa Illinois alileta sheria iliyouvunja mstari wa mwaka 1820. Katika maeneo mapya ya Kansas na Nebraska, alisema, walowezi wenyewe wapige kura kuamua kama wanataka utumwa. Kwa sikio la haraka hiyo ni demokrasia. Lakini mtumwa hakuwa miongoni mwa wapiga kura, na mwenyeji wa asili pia hakuwemo. Machi 1855 Kansas ilifanya uchaguzi. Wenye haki ya kupiga kura hawakufika 3,000. Kura zilizohesabiwa zilizidi 6,000, kwa kuwa maelfu ya watu wenye silaha walivuka mpaka kutoka Missouri, wakapiga kura, wakarudi makwao. Mwezi Mei mwaka uliofuata, mji wa Lawrence huko Kansas ulivamiwa na watu wa upande wa utumwa. Siku moja baadaye, mbunge wa South Carolina alimpiga kwa bakora Seneta Charles Sumner, mpinzani wa utumwa, ndani ya ukumbi wa Seneti hadi akazimia. Siku chache tu zilizofuata, mpinga utumwa John Brown na wenzake waliwatoa usiku watu watano wa upande wa utumwa, wakawaua. Vita vilikuwa vimeanza Kansas miaka mitano kabla ya kutangazwa.

Mwaka 1857 Mahakama Kuu ikaongeza neno lake. Dred Scott, mtumwa aliyekuwa amepelekwa na bwana wake kukaa Illinois na kaskazini ya ule mstari wa Missouri, alikuwa ameshitaki tangu mwaka 1846 akidai uhuru wake na wa mkewe Harriet. Jaji Mkuu Roger Taney akaamua kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Kwa hukumu hiyo magharibi yote ilifunguliwa.

Haki haituruhusu kuigawanya nchi hiyo katika watu wema wa kaskazini na waovu wa kusini. Wengi waliopinga utumwa kufika magharibi waliitaka ardhi hiyo kwa wazungu peke yao. Mwaka huohuo wa 1857, wapiga kura wa Oregon waliukataa utumwa, na siku hiyohiyo wakaidhinisha marufuku ya watu weusi kuhamia na kuishi Oregon. Hata Abraham Lincoln aligombea urais mwaka 1860 kwa ahadi ya kuzuia utumwa usienee, akisema hatagusa pale ulipokuwepo tayari. Ahadi hiyo ndogo ilitosha kuivunja nchi. Desemba 20, 1860, South Carolina ikajitenga, na nyingine zikafuata. Viongozi wa kusini walikuwa wamejifunza jambo lilelile ninalolisema leo: utumwa ukizuiliwa kupanuka, utadhoofika. Waliona bora vita.

Vita viliua watu zaidi ya 600,000, na Desemba 1865 utumwa ukafutwa kwa marekebisho ya katiba. Kwa miaka mingi baada ya hapo, magazeti ya watu weusi yalikuwa yakichapisha matangazo ya watu wanaowatafuta jamaa zao: mama aliyeuzwa Virginia, kaka aliyepelekwa Texas, mtoto ambaye jina la bwana wake wa mwisho halijulikani.

Kuna wanaosema hadi leo kwamba mapatano yale yalikuwa ya busara, kwa kuwa yaliahirisha vita kwa miaka 40. Nawajibu kwa hesabu. Mwaka 1820, mwaka wa Mwafaka wa Missouri, Marekani ilikuwa na watumwa wapatao milioni moja na nusu. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni nne. Katika jimbo moja tu la Mississippi walikuwa wapatao 33,000, wakafika zaidi ya 436,000. Kwa watu hao miaka 40 hiyo haikuwa na amani hata siku moja. Vita dhidi yao vilikuwa vinaendelea, kwa pingu, kwa mnada na kwa mizani ya pamba. Kilichoahirishwa ni zamu ya wengine kuumia.

Kwa hiyo tunaposoma historia ya suluhu yoyote kubwa, tusiishie kwenye majina ya waliotia saini. Tutafute ni akina nani waliishi chini ya saini hizo, ardhi iliyogawanywa ilikuwa ya nani, na nani alitumwa kuilima. Amani ya kweli hupimwa kwa hali ya hao.